Chupa Iliyoandikwa Mkuu

Chupa ililetwa maabara Jumanne saa tatu asubuhi na shemeji yangu, mdogo wake marehemu mke wangu. Shemeji ni msukuma machela hospitalini pale, na kwa kawaida damu huletwa na wauguzi, lakini siku hiyo aliiomba mwenyewe mikononi mwa muuguzi. Aliiweka mezani kwangu taratibu, kama mtu anayeweka yai, akarudi nyuma hatua mbili na kukunja mikono.

"Soma, shemeji," akasema.

Nikavaa miwani. Kwenye kibandiko cha chupa palitakiwa pawe na majina matatu ya mgonjwa na namba yake ya faili. Palikuwa na neno moja tu, kwa herufi kubwa za kalamu ya wino: MKUU.

Nilielewa mara moja. Mganga Mkuu wetu alikuwa amerudi Jumapili kutoka mkutano wa mbali, amekaa muda wa saa kumi na moja kwenye kiti kimoja cha ndege, na tangu Jumatatu watu walikuwa wakinong'ona kwamba anachechemea mguu wa kushoto na anahema akipanda ngazi. Asubuhi hiyo alipigwa picha ya kifua. Donge la damu lilikuwa limetoka mguuni, limepanda na kukwama kwenye mishipa ya mapafu, pande zote mbili. Na muuguzi aliyemtoa damu, kwa woga na heshima, hakuthubutu kuandika jina la bwana mkubwa kama anavyoandika la mtu yeyote. Miaka yote hiyo alimwita Mkuu, akaandika Mkuu.

Shemeji akanyoosha kidole ukutani, juu ya sinki, penye fremu ya kioo ambayo mimi ndiye niliyeifuta vumbi kila wiki kwa miaka tisa. Ndani yake mna karatasi ya agizo. Inasema chupa yoyote isiyo na majina kamili na namba ya mgonjwa ikataliwe, irudishwe ilikotoka, na kusiwe na mjadala. Chini yake kuna sahihi ya huyo huyo Mkuu.

"Kanuni ni yake," shemeji akasema. "Mkuki kwa nguruwe. Irudishe wodini, waandike fomu upya, wamtoboe upya, wapange foleni. Saa nzima hiyo. Na hakuna atakayekulaumu hata mmoja."

Alisema kweli. Nilikaa nikaitazama ile chupa, na sitadanganya, nilifurahi.

Lazima nieleze fremu ile ilivyofika ukutani.

Mimi niliingia hospitali ile nikiwa muosha chupa. Sikuwa na cheti hata kimoja. Nilisoma masomo ya jioni miaka saba, nikitoka kazini mikono inanuka dawa, na nilipofaulu mtihani wa utaalamu wa maabara nilikuwa na watoto wawili wanaonizidi kwa hesabu za sehemu. Nasema haya ili ijulikane kwamba kipimo kikitoka mkononi mwangu, kimetoka mkononi mwa mtu aliyekilipia.

Miaka tisa iliyopita mke wangu aliamka na kichomi na pumzi fupi. Alikuwa ametoka kuvunjika mguu, wiki tano amelala. Picha ikaonyesha donge mapafuni. Daktari wake alikuwa huyu huyu, wakati huo bado hajawa Mkuu, lakini tayari anatembea kama aliyekwisha kuwa. Damu ya mke wangu ikaja kwenye meza yangu kwa sababu mwenzangu alikuwa likizo.

Donge likiziba mapafu, upande wa kulia wa moyo husukuma kama mtu anayesukuma gari lililofungwa breki. Msuli ukiumia, hudondosha kwenye damu kitu kinachoitwa troponini. Ukivutika kupita kiasi, hutoa homoni ya kuomba nafuu. Vyote viwili tunaweza kuvipima. Presha ya mgonjwa inaweza kuwa safi kabisa, mgonjwa anaongea, anaomba uji, na damu yake tayari inasema moyo unachoka. Presha ndiyo hujua mwisho. Mgonjwa wa namna hiyo halazwi wodi ya kawaida. Hulazwa chini ya mashine, mtu akimtazama, ili presha ikianguka apewe dawa ya kuyeyusha donge dakika ile ile.

Troponini ya mke wangu ilikuwa mia mbili na kumi, na kikomo ni kumi na nne. Homoni ilikuwa elfu tatu na mia nne.

Nikampigia daktari simu. Desturi yetu ya kazi ni kwamba majibu ya hatari hayapelekwi kwa karatasi tu. Unapiga simu, unasoma namba, na anayepokea anairudia kwa mdomo wake mwenyewe, kisha anataja jina, nawe unaliandika kwenye daftari, safu ya mwisho, iliyoandikwa juu yake Aliyepokea. Nikasoma. Nikamwomba arudie.

"Mzee," akaniambia, "wewe pima. Kufikiri tuachie sisi. Presha yake ni nzuri."

Akakata simu. Akamlaza wodi ya kawaida, kitanda cha kumi na nne, ambako presha hupimwa kila baada ya saa nne. Nilipanda wodini mara mbili, na mara zote mbili nikaambiwa kwa upole kwamba daktari ameshaamua. Alasiri, kati ya kipimo na kipimo, presha ilianguka. Aliyegundua ni mgawa chai. Alimwita mara tatu akidhani amelala.

Kamati ilipokaa, daktari alisema hakupata majibu kutoka maabara. Wakafungua daftari langu. Namba zilikuwapo, saa ilikuwapo, na safu ya Aliyepokea ilikuwa tupu, kwa kuwa sikuweza kuandika jina la mtu aliyekataa kulitaja. Uaminifu wangu ndio ulionifunga. Nilipewa barua ya onyo kwa kuchelewesha majibu ya mgonjwa, na mgonjwa mwenyewe ni mke wangu. Mwezi uliofuata yeye akawa Mkuu na fremu ikatundikwa, ili ulimwengu ujue kwamba matatizo ya hospitali hutokea maabara.

Daftari lile lilipojaa lilitakiwa kwenda stoo. Halikwenda. Nililifungia kwenye kabati langu, na kila nilipofungua kuchukua koti la kazi nililiona. Mtenda husahau, mtendewa hasahau. Shemeji naye kwa miaka tisa hakuniacha. Kwenye misiba na harusi alikuwa akiniuliza mbele za watu kama bado namsalimia yule bwana, nami namjibu ndiyo, namsalimia, na yeye anasema, basi dada yangu aliolewa na mtu mpole sana, na watu wanacheka bila kujua wanacheka nini.

Sasa chupa ilikuwa mezani, na mimi nilikuwa nimebakiza wiki tatu nistaafu.

Nilisimama, nikachukua sindano mpya, chupa mpya, kamba ya mkono na pamba.

"Unakwenda wapi?" shemeji akauliza.

Nikamwambia chupa ile nimeikataa kama kanuni inavyosema, na sasa nakwenda kumtoa damu mwenyewe, dakika tano.

Aliniangalia kama nimemtemea mate. "Unakwenda kumwokoa."

"Maiti haina aibu, shemeji," nikamwambia. "Akifa leo watamzika kwa hotuba. Dada yako atabaki amekufa kwa uzembe wa maabara. Namtaka huyu mtu akiwa mzima, mwenye masikio."

Alifikiri kidogo. Kisha akasema atanisindikiza, na machela yake akaiacha mlangoni pa maabara.

Mkuu alikuwa chumba namba moja, mwisho wa korido, chumba cha wakubwa. Mna pazia zito, kochi la wageni na kitanda kipana, lakini mashine ya kumtazama mgonjwa hamna. Alikuwa ameegemea mito mitatu, bomba la oksijeni puani, na midomo yake ilikuwa na rangi niliyoijua. Pembeni alisimama daktari wa zamu, binti mwenye sauti ndogo na akili nyingi, ambaye wote tulikuwa tunampenda.

Nikafunga kamba mkononi mwa mgonjwa. "Majina yako kamili," nikasema.

"Unanijua."

"Simjui mtu wa kwenye chupa mpaka ajitaje. Ni kanuni."

Daktari wa zamu akatazama sakafu. Shemeji, mlangoni, akakohoa kikohozi kisicho na kifua. Mkuu alihema mara mbili, kisha akataja majina yake matatu, moja moja, na mimi nikayaandika kwenye kibandiko polepole kuliko ilivyohitajika. Nikamwomba na namba ya faili. Hakuwa nayo. Nikamsubiri daktari aisome.

Damu yake niliipima vizuri kuliko damu yoyote niliyowahi kupima. Mashine ilipotoa jibu nilirudia mara ya pili nipate hakika. Troponini mia tatu na sitini. Homoni elfu tano na mia moja. Nikapiga simu juu, daktari wa zamu akapokea, nikasoma, naye akarudia namba zote mbili bila kuombwa na kutaja jina lake. Nikaliandika. Akasema anamhamishia uangalizi maalumu mara moja.

Baada ya dakika kumi simu yangu ikalia. Alikuwa yeye, na sauti yake ilikuwa imezidi kuwa ndogo.

"Baba, amekataa. Anasema presha yake ni mia moja na thelathini, hawezi kulazwa kule kwenye vitanda vya wazi wafanyakazi wakimtazama. Anasema nimpe sindano ya kuzuia damu kuganda inatosha. Yeye ni Mkuu, mimi nitafanya nini?"

Nilibaki na simu sikioni hata baada ya yeye kukata. Presha yake ni nzuri. Maneno yale yale, kwa mdomo ule ule, na safari hii alikuwa akijihukumu nayo mwenyewe. Ningekaa tu. Ningekunywa maji, nikafuta darubini, nikasubiri alasiri ifike. Hapo hata kanuni nisingeihitaji.

Nilifungua kabati na kutoa daftari lile la miaka tisa. Shemeji aliliona, akashika machela yake na kunifuata.

Nilipoingia chumba namba moja nilikuwa nimelishika kama ninavyolishika la kila siku. Nikamwambia daktari wa zamu, kwa sauti ya kazi, kwamba nina majibu mengine ya hatari, ya mwanamke. Nikamwuliza kama niyasome hapo au nisubiri nje. Kabla hajajibu, Mkuu aliinua mkono. Nilijua atauinua. Mtu aliyezoea kuulizwa hawezi kulala swali likiwa chumbani.

"Soma," akasema.

"Donge mapafu yote mawili. Presha mia na ishirini na tano kwa themanini. Troponini mia mbili na kumi. Homoni elfu tatu na mia nne. Yuko wodi ya kawaida."

"Nani kamweka huko?" Akamgeukia binti, na hata akihema kwa shida alikuwa mwalimu. Alimweleza kwamba presha isimdanganye, kwamba moyo wa mama huyo umeshalemewa, kwamba mgonjwa wa namna hiyo huanguka ghafla na wodi ya kawaida hakuna atakayemwona. "Uangalizi maalumu. Sasa hivi. Mnasubiri nini?"

Alieleza vizuri. Nimewahi kuhudhuria semina nzima isiyosema hivyo. Na kila neno lilinichoma, kwa sababu miaka tisa nilikuwa nikijifariji kwamba labda hakujua.

Nikaliweka daftari juu ya mapaja yake, nikaweka kidole kwenye mstari.

Alisoma tarehe. Alisoma jina. Kidole changu kikasogea mpaka safu ya mwisho, mahali peupe.

"Mwanamke huyo alilazwa kitanda cha kumi na nne," nikasema. "Mimi nilipima. Wewe ukafikiri."

Shemeji alikuwa ameingia ndani kabisa, akasimama miguuni pa kitanda.

"Hapa si mahali pake," Mkuu akasema.

Nikatoa karatasi mfukoni na kuilaza juu ya daftari, mstari wake chini ya mstari wa mke wangu. "Hizi za chini ni zako. Zimezidi za juu. Na wewe uko chumba chenye kochi."

Nilimwona akizisoma. Nimeona hofu nyingi hospitalini, lakini ile niliitazama yote, mwanzo mpaka mwisho, kama mtu anayekula chakula alichokingoja. Akamwambia binti alete machela.

"Iko mlangoni," shemeji akasema. "Nimekuja nayo."

Daktari wa zamu akanishika kiwiko. "Baba, huyu ni mgonjwa wangu. Tumpeleke kwanza."

Alikuwa sawa, na nilijua yuko sawa, na hata hivyo sikuliondoa daftari. Kalamu nilikuwa nimeishika. Sikuinyoosha wala sikuirudisha mfukoni. Mkuu aliitazama, akamtazama shemeji anayeshusha kingo za machela, kisha akaichukua mwenyewe. Aliandika majina yake matatu kwenye ile nafasi tupu. Nikamwambia aweke na tarehe ya leo, isije ikaonekana nimeghushi. Akaweka.

Binti yule hakunisemesha siku mbili.

Saa tisa alasiri, chini ya mashine, presha ya Mkuu ilishuka mpaka sabini na tano. Kengele ililia, wakawa pale kabla haijalia mara ya tatu. Dawa ya kuyeyusha donge ikaingia, na jioni alikuwa anaomba uji. Shemeji aliposhuka kuniambia nilikuwa naosha mikono. Aliniambia saa. Ilikuwa karibu saa ile ile ya mgawa chai. Tulikaa kwenye mabenchi ya wagonjwa, wazee wawili, na yeye akalia, nami sikulia, nilishalia zamani.

Kamati ilikaa tena. Safari hii safu ilikuwa na jina, na daktari wa zamu alipoulizwa alieleza aliyoyasikia chumbani, bila kuongeza wala kupunguza, hata sehemu yangu mbaya. Barua yangu ya onyo ikafutwa. Fremu ikashushwa ukutani, ikarudi na kanuni ile ile lakini sahihi nyingine, maana kanuni yenyewe haikuwa na kosa. Ila yule bwana hawakumfukuza. Tangazo lilisema amestaafu kwa sababu za afya, na hospitali inamshukuru kwa utumishi wake. Nilisoma neno hilo, utumishi, mara nne.

Nikaenda ofisini kuomba mkataba wa miezi sita zaidi. Walifurahi. Walisema ni mfano kwa vijana, mzee anayependa kazi.

Mtu aliyenusurika donge hunywa dawa ya kuzuia damu isigande, na dawa hiyo lazima ipimwe. Ikipungua donge hurudi, ikizidi mtu huvuja damu. Kwa hiyo kila Ijumaa asubuhi mgonjwa hushuka maabara, hukaa benchi na wengine, huitwa kwa zamu yake, na hukunja mkono wa shati. Yeye aliandikiwa dawa hiyo kwa miezi sita.

Wiki ya kwanza alikuja na dereva wake, akataka kuingia bila foleni. Nilimwonyesha benchi. Alikaa kati ya mama mwenye kikapu na fundi viatu, ambaye alimwuliza kama na yeye anaogopa sindano. Jina lake lilipofika niliuliza, kama ninavyowauliza wote:

"Majina kamili?"

Akayataja.

"Namba ya faili?"

Akaitaja. Alikuwa ameikariri.

Jibu likitoka nilimsomea, nikamtaka arudie, nikaandika. Ijumaa ishirini na tano sikumruka hata moja. Nilikuja nikiwa na mafua, nilikuja siku mjukuu wangu anafunga ndoa, nikachelewa sherehe. Shemeji aliniuliza siku moja kama bado sijashiba. Nikamwambia akiona nimeacha kuja ndiyo atajua.

Ijumaa ya mwisho mvua ilinyesha na benchi lilikuwa tupu. Alikaa mbele yangu, amekonda, mkono wa shati umeshakunjwa kabla sijamwambia. Nikapima. Nikamsomea mbili nukta nne, ndani ya kipimo kinachotakiwa.

"Mbili nukta nne," akarudia. Hakuinuka. Alikuwa anautazama ukuta, penye fremu. "Mzee, nimekuja hapa miezi sita. Sijawahi kukuuliza. Utanisamehe?"

Nikaandika jina lake kwenye safu ya mwisho, majina yote matatu, nikafunga daftari.

"Hilo ni la kufikiri, daktari," nikamwambia. "Mimi napima tu."

Nikavua koti la kazi, nikalitundika kabatini.